Waliosema Ni Mvinyo

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini ulinikataza kuruka salamu hata nikiwa na hasira. Leo ninayo ya kugawa mtaa mzima wa Kikuyu.

Tulipokuzika kule Makutupora, watu walinong'ona kwamba ini lako limeliwa na mvinyo. Wewe, uliyechuma zabibu za watu maisha yako yote, na hata divai ya kanisani ukaigusa kwa ncha ya ulimi tu. Aliyevumisha kuliko wote ni Chapchap, yule mchoma sindano wa mashambani. Alikula wali wa msiba wetu, akaongeza sahani.

Sasa nimejua. Daktari wa mjini ameniambia ni homa ya ini aina ya C, kirusi kinachopita kwenye damu. Anasema hakiingii kila nchi kwa mlango mmoja. Misri kiliwapata wengi zamani kwa sindano za kutibu kichocho. Ulaya siku hizi kinawaandama zaidi wanaojidunga dawa za kulevya. "Na kwenu," akaniuliza, "nani alikuwa anawachoma?"

Nikakuona, Mama, na mgongo wako unaouma, umepanga foleni na wenzako kando ya mizabibu. Vidonge hamkuvitaka, kwetu mtu asipochomwa hajatibiwa. "Maji ya moto yanaua kila kitu," Chapchap alisema, akaisuuza sindano ileile kwa maji ya chupa ya chai, akamgeukia anayefuata. Ukacheka, ukasema ana mkono mwepesi.

Daktari hawezi kuapa kwamba ni sindano ile. Lakini wenzako wamepimwa, na waliokutwa nacho ni wale wale wa foleni ile. Nimekwenda nao polisi. Kanisani nimemtaja Chapchap kwa jina mbele ya walionong'ona, wakainamia viatu vyao. Nilifurahi, Mama. Sitajisingizia upole.

Naye macho yamekuwa ya njano. Kumbe alikuwa akijichoma mwenyewe kwa sindano hiyohiyo. Shangazi anasema nimwachie Mungu, ameshalipa. Hapana. Siku hizi kuna vidonge vinavyokiondoa kabisa, ambavyo wewe tulichelewa kukupatia. Nimempeleka Chapchap hospitali mimi mwenyewe, na mkewe nimemwonya asimwache aruke hata kimoja. Sitaki afe kitandani, watu wamlilie na kumsifu.

Pumzika, Mama. Nakuahidi nitamfikisha kizimbani akiwa mzima, mwenye nguvu za kusimama mpaka hukumu imalizike kusomwa.

Mwanao,
Neema