Aliacha Nini Kwanza?

Jumatatu, 3 Juni 1957

Nimepata kazi. Kuanzia leo hadi mwisho wa Agosti mimi ni mkalimani wa Daktari Pryor. Zahanati ya misheni imeniazima kwake, kama watu wanavyoazimana jembe. Nashukuru sana. Nilichoka kufua bandeji.

Daktari ni mama wa Kizungu, mrefu, anakunywa chai bila sukari. Anachunguza jambo moja tu: kwa nini vijana wengine wakifika miaka kumi na tano, kumi na minane, akili inawageuka, na inaanzaje. Ana orodha ya nyumba arobaini, Nakuru mpaka Keringet, na Subukia. Mimi nauliza kwa Kikipsigis au Kiswahili, nampa Kiingereza. Dereva ni Owino, Mjaluo wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Ameniambia Landrova hii anaijua kuliko anavyomjua mkewe.

Fomu ya kazi iliuliza kama nimewahi kuugua akili. Niliandika hapana.

Hapa niandike kweli. Mwaka 1947, nikiwa na miaka kumi na saba, niliugua miezi minane. Nilisikia watu wakiniita kutoka kwenye paa la bweni – "Chepkorir, Chepkorir" – na kunisema vibaya. Nikarudishwa nyumbani. Nikapona. Miaka kumi sasa. Misheni hawajui. Wakijua, sitagusa mgonjwa tena.

Alhamisi, 6 Juni

Nyumba tatu, zote upande wa Njoro. Tope mpaka magotini.

Swali la kwanza la fomu: ugonjwa ulianza lini? Kila mzazi anataja siku moja. Siku aliyorarua nguo kanisani. Siku aliyomtupia baba yake kijinga cha moto. Daktari anaandika, lakini haridhiki. Anasema moshi hauonekani mpaka nyumba iwe imeshika, ila lazima kuna kitu kilichoanza kabla.

Jumanne, 11 Juni

Leo nimeuliza swali ambalo halikuwa kwenye fomu.

Ilikuwa Rongai. Mama mmoja alisema mwanawe alianza Krismasi. Nikamwuliza: kabla ya Krismasi, mama, kuna kitu alichokuwa akikifanya halafu akaacha?

Akakunja pindo la leso, akalikunjua. Kisha akasema aliacha kuwaita ng'ombe kwa majina. Alikuwa akiwaita wote, kumi na wawili. Tangu mahindi yapandwe akawa anawaswaga tu kwa fimbo. "Nilidhani ameanza kuwa mwanamume," akasema. Akalia.

Nilipotafsiri, Daktari aliweka kalamu chini. Akataka nirudie, neno kwa neno. Kwenye gari akahesabu kwa vidole: miezi tisa kabla. Miezi tisa! Akauliza nani alinifundisha kuuliza hivyo. Nikasema nimebahatisha. Owino, ambaye husema njia nzima, akakatiza hadithi yake akanitazama kwenye kioo. Kwa Owino hilo ni jambo kubwa.

Sikubahatisha. Mimi niliacha kuimba. Nilikuwa sauti ya pili kwenye kwaya ya shule. Mwaka mzima kabla ya watu wa paani nilisimama na wenzangu nikifungua mdomo tu. Hakuna aliyegundua.

Jumatano, 12 Juni

Swali langu limepigwa taipu. Sasa ndilo la kwanza. Nimeliangalia mara nyingi.

Ijumaa, 14 Juni

Nyumba tano tangu juzi. Aliacha kucheka na dada yake. Aliacha kuoga mtoni na wenzake, akawa anaoga peke yake, halafu akaacha kabisa. Mmoja hakuacha chochote, babake kasema alilala mzima akaamka mgonjwa. Daktari ameandika hilo pia. Nampenda kwa hilo. Hachagui majibu.

Njiani nikamwuliza kama wanapona. Akasema vitabu alivyosoma vinasema wengi hawarudi walivyokuwa. Alisema taratibu, kama mtu asiyependa anachosema. Nikageukia dirishani nikatazama pareto za watu.

Jumamosi, 15 Juni

Keringet. Tumelala misheni, na leo asubuhi nimepewa ruhusa kwenda kumwona Shangazi Chepkosgei. Mama alipokufa ndiye aliyenilea. Ndiye aliyenitunza mwaka ule.

Nimemkuta anaosha vibuyu. Amezeeka, mdomo bado mkali. Akanipa mursik, maziwa ya kuganda ya kibuyuni, akasema nimekonda kama fito. Nikamweleza kazi yangu. Halafu nikamwuliza, kama ninavyowauliza wengine: Shangazi, mimi niliacha nini?

Hakufikiri hata kidogo.

"Uliacha kubishana na mimi," akasema. "Ulikuja likizo, nikakwambia kalete maji, ukaenda. Nikakwambia kalete tena, ukaenda. Nikajua mtoto wangu hayuko sawa."

Nikacheka, kisha nikashindwa kucheka.

Akanisimulia mambo ambayo siyakumbuki. Kwamba wajomba walikuja na kamba ya katani wanifunge nisikimbilie msituni. Akaipokea vizuri, akawashukuru, akaenda kufungia ndama. Akahamishia kitanda chake mlangoni. Nikitoka, anatoka nami. Nikitembea mpaka kwenye kijito, anatembea. Anazungumza habari za kuku na majirani, hata kama mimi nawajibu wale wengine, niliowasikia mimi tu. "Nilijua nao watachoka siku moja," akasema. "Mimi sikuwa na haraka."

Miezi minane alifanya hivyo! Na magugu yakala mtama wake, na watu wakamsema.

Nilimwambia asante. Sikuwahi kumwambia, kumbe. Akasema nimalizie maziwa.

Jumapili, 16 Juni

Kanisani Keringet. Niliimba. Sauti ya pili, beti zote nne. Ee Mungu, asante kwa Shangazi.

Jumatano, 19 Juni

Nakuru. Karani wa Daktari ametuletea karatasi za kutia sahihi. Daktari ametia zake mbele yangu: kwamba wafanyakazi wake wote wana afya ya mwili na akili. Ameandika jina langu kwa mkono wake, akaliandika bila kosa, na Wazungu wengi hulikosea. Nimeona aibu mpaka masikioni. Nilitaka kusema. Nikamkaushia wino tu.

Ijumaa, 21 Juni

Subukia, mchana. Naandika nikiwa nyuma ya Landrova. Nimeomba dakika tano, nimesema kichwa kinaniuma.

Nyumba iko pembeni ya shamba la kahawa. Mama anaitwa Rahab, anachuma kahawa ya Bwana, Mzungu mwenye shamba. Mwanawe Kimutai ana miaka kumi na saba. Ameketi kwenye kigoda akitazama ukuta, midomo inacheza, mara anainamisha kichwa kusikiliza. Naijua namna ile ya kuinamisha kichwa. Kifundo chake cha mguu kina alama ya kamba, bado mbichi.

Rahab alijibu kila kitu vizuri. Kimutai aliacha kumnyoa mdogo wake nywele. Kisha, tulipokuwa tukifunga karatasi, akanishika mkono. Mimi, si Daktari. Akasema kwa Kikipsigis:

"Dada, wewe umeingia nyumba nyingi. Niambie ukweli. Umeona hata mmoja aliyerudi? Kesho ndugu za baba yake wanakuja kumfunga tena. Nikijua kuna mmoja, nitawakatalia."

Daktari akafungua tena daftari. "What does she say?" akauliza. Alikuwa ananitazama kwa wema.

Ningeweza kumwambia Rahab peke yake, kwa lugha yetu, na Daktari asijue. Nimelifikiria. Lakini Daktari ataandika alichoambiwa, na vitabu vyake vitaendelea kusema wengi hawarudi, na mimi nitakuwa nimekaa pale pale mbele yake, nimerudi.

Owino amekuja na kikombe cha maji. Amesema wananingoja. Halafu, bila kunitazama, amesema kazi ya udereva inafundisha kuona watu kwa kioo, na kwamba dada yake mdogo kule Nyakach naye aliwahi kupotea, akarudi, sasa ana watoto watatu. Akaondoka kuangalia tairi ambalo halina shida.

Nimekunywa maji. Kichwa hakiumi, wala hakikuuma.

Kimutai ameanza kuongea na ukuta kwa sauti. Namsikia kutoka hapa. Rahab ametoa kiti kingine, amekiweka kati yake na Daktari, na anapangusa vumbi kwa leso. Nakwenda kuwaambia wote wawili. Sijui nitaanza na lugha ipi.