Si Wewe Uliyeifunga Kamyoneti

Baba Suzana,

Walinikataza kukusemesha mpaka kilio kiishe. Kimekwisha, mikeka imekunjwa, na mimi nimekaa mezani na kalamu ya Suzana. Sikuandikii ili nilie. Kulia nimelia, mtaa mzima wa Katuba ni shahidi. Ninakuandikia kwa sababu wamekusingizia, na wewe huna namna ya kujitetea.

Wanasema umeifunga kamyoneti, gari letu la mizigo, isiwake.

Wewe! Wewe uliyekuwa hujui hata kufunga mlango wa choo ukitoka. Wanasema unaishika kutoka kaburini kwa sababu mimi, mjane wako, nimekataa kutolewa mufu. Unaijua desturi hiyo: mjane alale na ndugu ya marehemu ili kivuli cha mume kimwache, kisha huyo ndugu amchukue, yeye pamoja na vyote vilivyobaki. Mdogo wako Donati alitoka Mitwaba amejiandaa kabisa. Alikuja na sanduku lake la nguo, Baba Suzana, udongo juu yako haujakauka. Nilimwambia tulifunga ndoa kanisani, mimi nawe, na padri hakumtaja yeye hata mara moja.

Unakumbuka betri ilivyokuwa chini ya miguu ya dereva, karibu na bomba la moshi. Ilipikwa kila safari mpaka maji yake yakakauka, na asidi ikala bati, tukawa tunaiona barabara tukiwa tumekaa. Ukatengeneza kisanduku cha mbao kule nyuma, kwenye karoseri ya kubebea mizigo, ukaihamishia humo. Ulikuwa umebakiza waya tu. Halafu kifua kikakubana, ikawa hospitali, ikawa ile siku ya mvua. Siku ile siwezi kuiandika. Niiache.

Donati alipoiona betri haina waya, akasema hilo ni jambo dogo. Akaleta waya wa taa za nyumbani, mpya, mwekundu, akauvuta kutoka nyuma mpaka mbele. Nilimwambia ni mwembamba. Akanijibu, "Shaba iko shaba. Mwanamuke anajua nini ya motokari?" Akawaita ndugu wote watazame. Akawasha taa, zikawaka vizuri. Akabonyeza honi, ikalia, watu wakapiga makofi. Kisha akakanyaga demarere, kiwashio cha injini, ili motere iamke. Ikaguna mara moja, na taa zote mbili zikafifia, zikazima. Alipoondoa mguu, zikarudi. Akakanyaga tena, zikazima tena.

Shangazi yako, Mama Emeriya, akashika kichwa. "Iko yeye! Munaona? Anafumba macho! Anakatala!"

Basi, likawa neno la nyumba nzima. Manivela ya kuzungushia motere kwa mkono tuliipoteza safarini, unajua mwenyewe, na kusukuma kwenye tope la ua wetu hakukuwezekana, kwa hiyo sikuwa na njia nyingine ya kuiamsha. Wakakaa kikao nyumbani mwangu, juu ya viti ulivyovinunua wewe, wakakata shauri: Jumapili baada ya misa nitolewe mufu, nipende nisipende. Nikikataa, nifungashe nirudi kwetu mikono mitupu, na Suzana abaki kwao. Suzana wangu!

Usifikiri sikuogopa. Niliogopa mpaka nikaanza kujiuliza, labda kweli ni wewe, labda kuna kitu nilikukosea. Nikaenda kwenye kamyoneti, nikaweka mkono juu yake, nikakuita kwa jina lako. Hukuitika. Ila nilisikia harufu ya mpira unaoungua. Donati alikuwa ametoka kujaribu tena muda huo huo. Nikaugusa ule waya mwekundu, nikaruka nyuma kwa ulivyokuwa wa moto. Marehemu gani ananuka mpira ulioungua? Nikacheka peke yangu, kwa mara ya kwanza tangu uondoke.

Ndipo nikakukumbuka chini ya kamyoneti, miguu tu inaonekana, mimi nimekushikia koleo. "Njia inakuwa murefu, waya inakuwa munene, Mama Suzana." Ulinieleza kwamba taa zinakunywa umeme kidogo, lakini demarere inakunywa kwa pupa, na betri yetu ya volti sita inalazimika kuutoa mwingi kwa pamoja. Ukiipeleka betri nyuma na waya ukabaki mwembamba, umeme unaishia njiani, unakuwa joto tu. Mimi nilikuwa naitika "ndiyo, ndiyo", na mawazo yangu yako kwenye sombe niliyoiacha jikoni. Kumbe nilikuwa nasikia.

Nikaenda kwa Mzee Ramazani, yule fundi wa Maniema anayeuza vyuma vya zamani. Alikuwa na waya wa mashine ya kuchomelea, mnene kuliko kidole gumba changu, ndani nyuzi nyingi laini, unakunjika bila kukatika. Nilimpa suti yako ya harusi. Ndiyo, ile ya bluu. Donati alikuwa ameshaijaribu mbele ya kioo changu. Ukinikasirikia kwa hiyo suti, nikasirikie, lakini hata leo ningeitoa tena.

Mzee alichomelea vichwa vya shaba kwenye ncha, na mimi nikavaa salopeti yako ya kazi nikaingia chini mwenyewe. Waya niliupitisha upande usio na bomba la moshi, nikaufunga vizuri usichezecheze. Pale unapopenya tundu la bati nikaweka kipande cha mpira wa baiskeli usije ukakatwa. Na ule wa pili, unaotoka betri kwenda kwenye chuma cha shasi, Donati alikuwa ameufunga juu ya rangi! Nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikafunga waya mnene sawa na wa kwanza. Majirani walichungulia juu ya ua, wakasema mjane ameshikwa na wazimu. Niliwaacha waseme.

Jumapili walinikuta kwenye usukani. Mama Emeriya ameshika bakuli la pemba, ile chokaa nyeupe ya kunipaka, Donati amevaa shati jipya. Nikawasha ufunguo, nikakanyaga. Baba Suzana, iliamka! Iliamka hata mguu haujafika chini, kuku wakatawanyika, pemba ikamwagika. Nikalia pale kwa sauti yangu yote, na kwa ile ngurumo hakuna aliyenisikia.

Unadhani Donati aliona haya? Alikuja dirishani, kiganja wazi. "Sasa kaka yangu anakubali. Lete funguo, shemeki."

Nilizima motere ili anisikie vizuri. Nikautoa chini ya kiti ule waya wake mwekundu, mpira wake umeyeyuka, nikauweka kwenye kiganja chake. "Mufu yako ni huyu. Mutoe."

Majirani waliangua kicheko mpaka Mama Emeriya mwenyewe akageuza uso. Donati amerudi Mitwaba na sanduku lake. Anasema atanipeleka kwa mahakimu na atakuja na wazee. Aje nao. Nimewaambia mlango wanaujua, na mimi sihami.

Nimepata dereva, mtu mtulivu. Tunabeba makala ya kupikia na unga. Yeye anaendesha, mimi nakaa kando yake na kuamua tunakwenda wapi. Suzana yuko shuleni. Usiku upande wako wa kitanda bado siulalii, hilo nalo ulijue.

Kwaheri, mume wangu. Kamyoneti imezeeka, siku moja itakataa tena. Siku hiyo nitafunga kitambaa kichwani, niingie chini, nitafute kilicholegea, hata ikinichukua juma zima. Ninakuahidi sitasema ni wewe. Na yeyote atakayesema ni wewe, atanikuta mimi.

Lala.

Mama Suzana, mke wako