Kenge Amelilalia Taulo la Baba Mkwe

Shoga, sikia haya. Kenge aliingia bafuni, na baba mkwe yumo anaoga.

Nikasikia ananiita kwa upole: "Mwanangu, humu ndani kuna kenge."

Nikamwambia, "Toka basi, baba."

Halafu akasema, "Taulo amelilalia yeye."

Kenge kalilalia taulo, shoga. Nyumbani tuko wawili tu, na mzee huyu hata soksi havui mbele yangu.

Nikachomoa pazia la maua la sebuleni, nikafumba macho, nikampitishia mlangoni. Akatoka kajifunga maua mpaka kifuani, akaketi kwenye kochi kama yuko kikaoni.

Kenge tukamsikia akitoka kupitia dirisha la bafuni.

"Hili tusimwambie mtu," akasema.

Nikaapa. Ndiyo nimejificha jikoni nakuandikia. Ukishasoma, futa.