Masizi ya Ijumaa Kuu

Tonton,

Hili sijamwambia mtu: kwenye kilio chako nililia kwa hasira. Maman Stella, mke wako, alinikumbatia akidhani ni uchungu. Padri alikuwa anasema hukuogopa kamwe kusema kweli. Nilitaka kusimama nimkatalie. Sikusimama. Unanijua, hata darasani nasubiri niulizwe.

Wewe, mjomba wangu, ndiye uliyenifundisha. Jumamosi, mvua ikipiga mabati, ulinisomesha Injili huku ukiniuliza. Yesu alisali wapi? Kwenye sinagogi. Mama yake? Muyahudi. Petro? Paulo? Wayahudi. Ulisema umesoma miaka yote hiyo ili ulielewe jambo moja: Wakristo wa kwanza walikuwa Wayahudi waliogombana na Wayahudi wenzao, ugomvi wa ndani ya nyumba, na sisi tuliokuja nyuma tukaugeuza chuki.

Nilikuamini. Mwaka jana, tukifanya mazoezi ya Njia ya Msalaba pale Kadutu, kiongozi wetu Ya Benja, yaani Kaka Benja, aliwapaka masizi ya sufuria wale wa kuigiza Wayahudi. Yesu na Mariamu walibaki safi. Nikasema ulivyonifundisha. Wenzangu wakacheka, wakaniita Muyahudi wa Kadutu. Padri akakuita, akakuuliza kama kweli ndivyo ulivyonifundisha.

Nilikuangalia, Tonton. Ulivua miwani, ukaifuta kwa shati, ukasema, "Huyu mutoto hakuelewa."

Nikaombeshwa msamaha mbele ya wote. Najua uliogopa kunyang'anywa masomo uliyofundisha seminari. Haya, ulibaki nayo mpaka presha ikakuua. Mimi nimebaki na lile jina, hata sokoni Nyawera naitwa hivyo.

Maman Stella amenipa vitabu vyako. Nilivisoma nikitafuta mahali ulipokosea, ili nikuchukie vizuri. Sikupaona. Hilo ndilo linaniumiza zaidi. Ulikuwa unajua.

Lala, Tonton, kama unaweza. Bado sijakusamehe. Ila nakuahidi: sitasema tena "Tonton alisema."

Jana mazoezi yalianza upya. Ya Benja alinipa kopo la masizi niwapake wenzangu. Nikamwambia tupakwe wote, Yesu pia, ama asipakwe mtu, kwa sababu wote walikuwa Wayahudi.

"Bado iko tonton yako anasema?" akauliza. "Si alishakufa?"

"Hapana," nikajibu. "Ni miye nasema."

Nikachovya vidole, nikajipaka usoni, nikaenda kusimama karibu na Mariamu.