Jumamosi Uliyonipa Mkasi wa Bati

Laini Saba, Kibera
Jumapili, 12 Juni 1977

Baba yangu,

Leo nitakuambia yote, hata lile ambalo sijamwambia Mama.

Alhamisi, shuleni kwetu Kawangware, alikuja mwalimu mgeni kutupima nguvu za mwili. Alikuwa na kifaa cha chuma chenye mpini wa kubana, na mshale kama wa saa. Nilibana kwa nguvu zangu zote. Mshale ukafika kilo thelathini! Niliwapita wasichana wote wa darasa la saba, na wavulana wengi pia. Otieno akapiga kelele, "Huyu Mwende si msichana, ni jeki ya lori!" Tulicheka sote. Kisha nikataka kukimbia nyumbani nikuambie, nikakumbuka.

Kila Jumamosi ukimaliza kutengeneza majiko, ulininyooshea mkono tubanane. "Kaza, Mwende. Siku nitakayolia mimi kwanza, mkasi wa kukatia bati ni wako." Miaka miwili nililia mimi. Hadi Jumamosi ile ya Januari. "Ai! Basi, basi, nimekubali," ulilia, ukanipa mkasi. Nikazunguka ploti nzima, kwa wapangaji wote, nikitangaza, "Nimemshinda Baba!" Mama alikuwa anafua. Hakucheka. Kabla mwezi haujaisha tulikuzika Kitui.

Sasa yule mwalimu alituambia kwamba mwili ukianza kudhoofika, mara nyingi mkono ndio hulegea mapema. Darasa liliandika. Mimi kalamu ilinikwama. Baba, nilidhani natangaza ushindi. Labda nilikuwa natangaza ugonjwa wako, mlango kwa mlango.

Mkasi uko chini ya kitanda changu. Mama ananihimiza niutumie, kwa kuwa ulinifundisha kukata na watu bado wanaulizia majiko yako. Sijakata hata kipande. Nikiushika naona kama nimeuiba. Banda ulimotengenezea majiko limenyamaza, Jumamosi nakaa humo peke yangu, nabana mkono wangu wa kulia kwa wa kushoto. Haifanani.

Kwaheri, Baba. Nakuahidi nitaupaka mkasi mafuta usishike kutu. Na nikijua ni wangu kwa haki, jiko la kwanza nitamtengenezea Mama, lenye milango miwili kama ulivyotaka.

Nijibu upesi, hata kwa ndoto. Jumamosi ile nilikushinda kweli, au ulijua unaondoka, ukalia makusudi ili mkasi ubaki kwangu?