Sindano Niliyoinoa Siku ya Sahani

Stesheni ya Soga, Jumapili ya Novemba. Mvua ya vuli, viatu vimelowa, moyo mwepesi.

Naandika kwa penseli, daftari liko gotini, nikingoja garimoshi la jioni linirudishe Pugu, na kutoka pale nipande Kisarawe kwa miguu.

Leo nimesema.

Niandike tangu mwanzo, maana najijua, nikizeeka nitaanza kujipendelea. Vita vilipokwisha, Bi Mwanaidi wa hapa Soga na mumewe Mzee Shomari walikuwa na gramafoni, na sahani moja ya mwimbaji wa kike ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona hata kwa picha. Wapenzi wake tulikuwa tumetapakaa huku kote. Basi kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya Idi el Fitri, tulikusanyika uani kwao. Wa Kongowe walikuja kwa baiskeli, wa Magindu kwa garimoshi, na sisi wa Kisarawe na vikapu vya mihogo na maneno mengi. Tuliiita Siku ya Sahani.

Kwa kuwa hakuna aliyejua mwimbaji yukoje, kila mwanamke alikuja amevaa vile anavyodhani mwimbaji huvaa. Kuna waliomfanya mnene, kuna waliompa miwani. Wanaume tulikuwa wapiga fidla wake, kanzu na tarabushi, na fidla za ubao zisizo na nyuzi. Nguo nyingi nilizishona mimi, barazani kwangu, na nakiri nilikuwa nikiringa. Mwaka wa pili akaja msichana wa Magindu na gauni la manjano alilojishonea mwenyewe, pindo limekwenda upande. Nikamwambia. Akanijibu kwamba mwimbaji wake yeye hababaishwi na pindo. Huyo ndiye Zuhura, mke wangu, na pindo zake zinakwenda upande mpaka leo.

Sahani ilipigwa mara tatu tu: kabla ya chakula, baada ya chakula, na wakati wa kuagana. Sharti lilikuwa moja, kwamba haimbi mtu juu yake. Tulitikisa midomo bila sauti, macho tumefumba.

Sindano ya gramafoni ikishatumika hutupwa, kwa hiyo kila mwaka mmoja wetu alipewa kazi ya kuleta mpya. Mwaka wa mwisho kazi ilikuwa yangu. Sindano hazikupatikana, Kisarawe wala Dar es Salaam. Mtu mwenye akili angefika akasema hazipo. Lakini mimi fundi cherehani, sindano za mashine yangu zikiwa butu nazinoa kwenye jiwe na zinashona. Nikachukua sindano kuukuu ya gramafoni, nikainoa, nikaifunga kwenye karatasi safi kana kwamba imetoka dukani.

Mara ya kwanza ilipiga vizuri. Ya pili nikasikia mkwaruzo, nikajifanya sikusikia. Ya tatu, wakati wa kuagana, ikachimba sahani katikati ya ubeti wa mwisho, na mwimbaji akawa anarudia neno lile lile mpaka Mzee Shomari alipouinua mkono wa gramafoni. Watu wakasema sahani imechoka.

Nami nikasema imechoka.

Mwaka uliofuata hatukuitwa, wala uliofuata huo. Wa Kongowe walinunua gramafoni yao, wengine wakahama, na huu ni mwaka wa nne. Kanzu za wapiga fidla nimezipunguza, zimekuwa nguo za watoto wa watu.

Mzee Shomari alifariki mwaka juzi. Wiki hii nikasikia Bi Mwanaidi anahamia Tabora kwa binti yake, na anaondoka Jumanne. Mtu pekee niliyekuwa nimemwambia habari ya sindano ni Zuhura. Asubuhi hii alinipa mwavuli akasema, "Nenda, Baba Asha. Mimi na wewe tulipatana uani kwa yule mama. Asiondoke hajui ukweli."

Nilimkuta anatia vyombo kwenye magunia. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa kwenye kigoda, na kabla hajanipa hata maji nikayatoa yote: maduka, jiwe, karatasi safi.

Aliliweka gunia chini. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilimlaumu Mzee Shomari. Asubuhi ile aliisahau sahani juani. Nikamwambia ni yeye aliyeiharibu, na kila tulipogombana nikamrudishia hilo. Ameingia kaburini nalo."

Hilo sikulijua. Kwa miaka yote nilidhani nimeharibu sahani tu. Nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Hakunifukuza. Alinipeleka nyuma ya nyumba, mvuani, mpaka kaburini, akasema, "Mwambie mwenyewe." Nikamwambia, nikamwomba radhi. Kisha Bi Mwanaidi naye akasema yake kwa sauti ndogo, nami nikasogea mbali nisimsikie.

Tuliporudi ndani alifungua gunia alilokwisha kulifunga, akatoa gramafoni na ile sahani. Akaipiga. Sauti ilikuwa ile ile. Ilipokaribia penye kovu, akauinua mkono wa gramafoni.

"Wewe si fundi?" akaniuliza. "Haya, tia kiraka."

Ilinichukua muda kumwelewa. Miaka yote nimetikisa midomo tu, lakini maneno nayajua yote. Nikauimba ule mstari uliochimbwa, sauti kama ya beberu, na nilipomaliza akaishusha sindano ng'ambo ya kovu, mwimbaji akaendelea. Tulipiga mara tatu, kama desturi. Mara ya tatu Bi Mwanaidi aliuimba pamoja nami.

Nashukuru kwamba hakuondoka kabla sijasema. Nashukuru kwa ule ua, ulionipa mke na marafiki, na kwa mama aliyekuwa na kila haki ya kunifungia mlango.

Sahani anakwenda nayo Tabora. Ameniambia Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, chakula kikishaliwa, ataipiga, na akifika pale atauinua mkono angoje kadiri ya mstari mmoja. Nimemwahidi kwamba saa hiyo, Kisarawe, utakuwa unaimbwa.

Garimoshi nalisikia, latoka Ruvu. Nitamwambia Zuhura alitafute lile gauni la manjano. Pindo sitaligusa.