Shati la Baba Ndani ya Friza

Mama,

Shikamoo. Nimekaa kwenye kigoda chako cha jikoni, na la kwanza ninalotaka ulisikie ni hili: Baba amekula. Amekula akashiba, akalamba na vidole, halafu akauliza kama kimebaki kidogo. Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya banda la kuku, nikalia kwa raha.

Tangu tulipokuzika alikuwa anaishi kwa chai na kipande cha mkate. Nilihamia hapa Ntalikwa na wanangu ili nimwangalie, lakini kila nilichopika alikigusa tu akasogeza sahani. "Nimeshiba, Nyamizi." Ameshiba nini? Suruali zilikuwa zinamvuka, mkanda kautoboa tundu jipya kwa msumari. Mihayo alikuja kutoka Urambo, akamwona, akanivuta pembeni. "Dada, mzee naye anatuaga." Nilimkaripia mdogo wangu, ila usingizi ulinikimbia. Kifo chako tu kilikuwa bado hakijanikaa kichwani. Cha Baba nisingekiweza, Mama. Nisingekiweza kabisa.

Na friza lako lilikuwa limejaa chakula ulichokipika mwenyewe, limekaa tu linanguruma ukumbini. Baba alikataza lisiguswe. Hata wageni wa msiba walilishwa vitu vya kununua. Alilitandikia kile kitambaa chako cha kufuma, juu yake akaweka Biblia, basi, likawa kama meza ya kanisani. Siku nilipomwomba tulifungue akasema, "Likifunguliwa litaisha. Likiisha, atakuwa ameondoka kweli." Nikaliacha lilivyo.

Umeme ndio uliotuamulia. Ulikatika Jumapili tukiwa kanisani, Jumatatu mchana ulikuwa bado haujarudi, na maji yakaanza kutambaa sakafuni. Nikamwambia, "Baba, nafungua. Ukitaka, nichape." Hakunichapa. Aliondoa Biblia, akakunja kitambaa taratibu, akaenda kukaa barazani amenipa mgongo.

Mama, nyumba yako ilikuwa inang'aa, lakini friza lile, haki ya Mungu! Kopo la aiskrimu lina kisamvu, kama siku zote. Umetudanganya na makopo hayo tangu tukiwa wadogo, na bado nililifungua kwa tamaa. Chini yake mifuko juu ya mifuko, yote imevaa barafu, hujui upi maharage na upi nyama. Mihayo aliwahi kukushauri ubandike karatasi zenye majina, ukamcheka: "Karatasi na barafu wapi na wapi?" Midomo ya mifuko ulikuwa unaifunga kwa vipande vya nguo, nami miaka yote nilijua ni kamba tu, mradi kitu kifungwe.

Nikaanza kuitoa. Mfuko wa kwanza ulifungwa kwa kipande cha pazia letu la zamani la sebuleni. Ndani migebuka minene, wale samaki wa Kigoma wa kuwawekea wageni. Uliofuata ulifungwa kwa kitambaa cha kijani nilichokifahamu kabla sijakishika: sketi yangu ya shule. Ndani mboga ya kunde yenye karanga nzito, ninavyoipenda mimi. Skafu ya Mihayo ya njano ilifunga utumbo, maana nyumba hii nzima mwenye hamu ya utumbo ni yeye. Hapo ndipo nilipokuelewa. Nilichuchumaa pale kwenye maji nikacheka peke yangu.

Halafu upande wa kushoto wote, kuanzia juu hadi chini, vitambaa vya bluu vyenye mistari myeupe. Nilipasha mfuko mmoja kwenye jiko la mkaa nikaonja. Kisamvu, hakina chumvi hata chembe. Chakula cha mtu wa presha. Nikachukua kile kitambaa nikampelekea Baba barazani, nikamwekea mkononi.

Alikigeuza. Akakisogeza karibu na macho. "Hili si shati langu?"

Lile shati, Mama! Shati alilopindua nyumba nzima kulitafuta. Alimshuku kijana wa kupiga pasi, akamshuku na Mihayo kwamba amelivaa kwenda kujionyesha Urambo, mpaka wakanuniana. Na wewe ukamsaidia kutafuta! Baba akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Mwanamke yule! Aliinama na tochi mpaka chini ya kitanda, kumbe kalikata yeye."

Akainuka. Akakunja mikono ya shati alilovaa, akaja kwenye friza mwenyewe. Tulipanga wote: mimi natoa, yeye anafuta barafu na kutaja mwenye mfuko. "Huyu mgeni. Huyu wewe. Huyu mimi tena." Kila alipokuta mistari yake ya bluu alitikisa kichwa.

Chini kabisa, kwenye kona, kulikuwa na mfuko mmoja uliofungwa kwa upindo wa kitenge chako cha zambarau, kile cha kwaya. Wako wewe. Ndani uyoga, na mfuko umebaki nusu.

Nilijua umekosea. Uyoga? Wewe? Kila masika ulisukuma bakuli lako kwetu ukisema, "Kuleni, mimi unanisumbua tumbo." Tuligombania sehemu yako, mimi na Mihayo. Baba akauchukua ule mfuko mikononi mwangu.

"Huu nilimletea mimi, kutoka Kwihara, kwa baiskeli. Kila mvua zikinyesha nilimletea, tangu mlipoondoka. Mama yenu alipenda uyoga kuliko nyama. Nyinyi ndio mlikuwa mnaumaliza."

Akautazama kidogo. Halafu akasema, "Nipikie huu."

Tangu msiba hakuwa ameomba chochote, Mama. Niliupika kwa karanga, chumvi sikutia, na yaliyofuata nimekwisha kukuambia. Nilichokuwa sijakuambia ni kwamba siku zote nilikuona akilini ukila ukoko jikoni baada ya sisi kushiba, na picha ile ilikuwa inanichoma. Kumbe ulikaa ukala. Ulikula nusu mfuko, tena wa kwako mwenyewe. Sijui kama unajua umenitua mzigo gani.

Jioni umeme ulirudi. Baba alilisikia friza linaunguruma, akasema, "Likiisha tutajaza." Yeye mwenyewe kasema. Kitambaa chako cha kufuma kimerudi mezani na Biblia iko chumbani kwake anaisoma.

Lala salama, Mama yangu. Baba atakula, hilo niachie mimi. Shati bado lina mgongo mzima, nimelikuta kwenye kapu lako la vitambaa, na yeye anajua, kaliacha humo humo. Na jana nilikata upindo wa gauni langu jekundu. Mvua zikija, mfuko wangu utakaa pale kwenye kona, kando ya kitenge chako. Wanangu nimeshawaambia: mama yenu anapenda uyoga.

Mwanao,
Nyamizi